Mdogo Wangu, Usiitupe Hiyo Bahasha ya Dawa

Vuteni viti mkae karibu, maana leo nina neno na sitalizungusha. Barua zenu kutoka hapa kwetu Turkana, Kanamkemer, Napetet mpaka Kakuma, zina kilio kimoja. Mtu amekwenda kituo cha afya kwa sababu hapati usingizi, chakula hakipiti, na moyo umekuwa mzito hata mtoto wake akicheka mbele yake hasikii kitu. Akapewa vidonge. Akavimeza siku chache, mdomo ukakauka, kichwa kikazunguka, na ile huzuni ikabaki palepale. Basi akavitupa. Mmoja kavitumbukiza chooni. Mwingine kampa shangazi yake anayeumwa mgongo. Halafu mnaniuliza, "Dada, mimi ndiyo sina dawa?"

Dawa unayo. Ulichokosa ni mtu wa kukueleza inafanya nini ndani yako, na kwa hilo sikulaumu. Foleni ni ndefu, jua ni kali, na anayekuhudumia ana wengine arobaini nyuma yako. Lakini hili la shangazi, hapo tutagombana, na nitalirudia.

Nimchukue binti mmoja wa Kanamkemer aliyeacha vidonge vyake hivyo, jina lake nalihifadhi. Amenielezea bahasha yake: ile ndogo ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu amitriptilini miligramu 25, moja usiku. Wino umefifia kwa jasho kwa sababu anaificha chini ya godoro, na kila akigeuka usiku anaisikia karatasi ikilia. Anaificha kwa kuwa kaka yake anasema huo ni uvivu tu, jirani anasema hizo ni dawa za vichaa, na mama, kwa mapenzi yake, anataka apelekwe kwa emuron, mganga wetu wa jadi, mbuzi achinjwe, mambo yaishe.

Mdogo wangu, mama yako si adui. Mbuzi akichinjwa, ndugu wakakaa pamoja, ukaombewa kwa Akuj, Mungu wetu, hakuna kidonge kitakachoharibika kwa hilo. Mwambie tu kwa heshima kwamba bahasha nayo itaendelea, na kama utapewa mizizi ya kunywa, aliyekupa vidonge aambiwe kwanza. Kaka yako naye, msamehe. Wanaume wetu wamelelewa kuamini kwamba mtu akiamka asubuhi na miguu yote miwili, hana ugonjwa. Ila usimwachie yeye akuamulie. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa nisikilize, nikwambie hicho kidonge kinakwenda wapi.

Ndani ya kichwa chako kuna mabilioni ya seli za neva. Kwa kawaida hazigusani. Kati ya seli na jirani yake pana upenyo mwembamba sana, na ujumbe hauvuki upenyo huo mpaka ubebwe. Seli ya kwanza inamwaga kemikali, kemikali inavuka, na upande wa pili inakuta vipokezi. Vipokezi ni protini zilizochomoza juu ya seli, na kila aina imeumbwa kupokea kemikali yake. Kemikali ikinasa, seli ya pili inapata habari: amka, tulia, ogopa, njaa imeingia. Kisha kemikali inanyonywa kurudi ilikotoka, au inavunjwavunjwa, na upenyo unabaki wazi kwa ujumbe mwingine. Yote haya yanakwisha kabla hujapepesa jicho.

Kemikali hizo ni nyingi. Zinazotajwa sana kwenye sonona, yaani huu msongo mzito wa mawazo ambao vijana wanauita dipresheni, ni serotonini, noradrenalini na dopamini. Utawasikia wengine wakiita serotonini homoni ya furaha. Usiwafuate. Kiasi cha 90 kwa 100 ya serotonini ya mwili wako iko kwenye utumbo, na huko kazi yake kubwa ni kusukuma chakula. Tena ina aina zipatazo 14 za vipokezi, kila aina na shughuli yake: kuna kinachotuliza, kuna kinachoamsha, kuna kinachokuletea kichefuchefu. Kemikali ni ileile moja, na itakalofanya linategemea kipokezi kilichoipokea. Hilo lishike, maana nusu ya malalamiko yenu yamo humo.

Na msidhani dawa hizi zilibuniwa na mtu aliyekaa akaitafakari huzuni. Zilitoka kwenye kifua kikuu, ugonjwa ambao sisi watu wa Turkana hatuhitaji kuelezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View kule Staten Island, New York, wagonjwa wa TB walianza kupewa dawa mpya, isoniazidi na ndugu yake iproniazidi. Isoniazidi ndiyo hiyohiyo ambayo hadi leo imo katika vidonge vya TB. Iproniazidi ikaleta kioja: watu waliokuwa wakingoja siku yao wakaanza kula, kupiga soga, hata kucheza dansi wodini. Ikaja kueleweka kwamba inazuia kimeng'enya kinachozivunjavunja zile kemikali tatu. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza imipramini, iliyokuwa ikijaribiwa kwa ugonjwa mwingine wa akili kisha ikaonekana inawainua wenye sonona. Amitriptilini ya binti yetu ni ya ukoo huo. Mmarekani Julius Axelrod ndiye aliyeonyesha jinsi seli inavyoinyonya tena kemikali iliyoimwaga, na jinsi dawa za namna hii zinavyozuia unyonyaji huo. Mwaka 1970 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel.

Haya, sasa tufike penye kitendawili. Ukimeza kidonge leo usiku, unyonyaji unazuiwa ndani ya saa chache tu, na kemikali inajaa kwenye upenyo. Mbona basi kesho asubuhi bado unalia? Mbona unaambiwa ungoje wiki kadhaa, pengine nne, pengine sita, ndipo uone nafuu kamili?

Jibu mojawapo linalokubalika sana liko kwenye vipokezi. Seli inayomwaga serotonini nayo ina vipokezi vyake yenyewe vya kujichunga, wataalamu wanaviita 5-HT1A. Mfikirie mwenye kioski cha maji mtaani kwenu. Akiona maji yamefurika na kutiririka hadi barabarani, anakimbia kufunga mfereji. Seli inafanya vivyo hivyo. Siku za kwanza za dawa inahisi serotonini imezidi karibu yake, inafunga mfereji, na mtaa mzima unabaki na mitungi mitupu ijapokuwa dawa umeimeza. Siku zinavyopita, serotonini ikiendelea kuvigusa, vile vipokezi vya kujichunga vinapoa. Mwenye kioski anazoea kuona ardhi imelowa, haoni tena sababu ya kukimbia, na mfereji unabaki wazi. Huko mbele nako, kwenye seli zinazopokea, vipokezi vingine vinapungua, vingine vinaongezeka, neva zinaanza kuchipua viunganisho vipya. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Hakuna anayeweza kuiharakisha, hata ukimeza viwili kwa mpigo, na tafadhali usithubutu.

Unaona basi uchungu wangu unatoka wapi. Ulipoacha baada ya siku chache, uliacha mfereji ukiwa bado umefungwa. Taabu yote umeshaila, na faida hujaionja. Wazee walisema subira yavuta heri, nanyi mkidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto.

Wale mnaotafuna tumbaku mtanielewa upesi, kwa sababu vichwani mwenu jambo la jamaa hiyohiyo limekwisha kutokea. Nikotini inanasa kwenye vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya kemikali iitwayo asetilikolini. Ukiitumia miaka, ubongo unaongeza idadi ya vipokezi hivyo. Ndiyo maana babu akikosa tumbaku siku moja anawafokea hata mbuzi. Vipokezi vinajipanga upya kulingana na kile unachovipa kila siku, na havijipangi wala kujipangua kwa usiku mmoja.

Turudi kwenye mdomo mkavu. Amitriptilini ina kasoro moja kubwa: haitulii mahali pamoja. Pamoja na kuzuia unyonyaji wa serotonini na noradrenalini, inakwenda kuziba vipokezi vingine ambavyo havikuwa na kesi yoyote. Inaziba vya histamini, ndipo unaposikia usingizi na hamu ya kula inakurudia. Kwa mtu aliyekonda kwa kukosa usingizi hilo linaweza kuwa zawadi, na ndiyo sababu umeambiwa uimeze usiku. Inaziba vya asetilikolini, ndipo mate yanakauka, choo kinakuwa kigumu, na maandishi ya simu yanaonekana kama yana ukungu. Inaziba pia vipokezi vya noradrenalini kwenye mishipa ya damu, ile mishipa inayotakiwa kubana ukisimama ili damu ifike kichwani. Isipobana upesi, ukiinuka tu dunia inazunguka.

Kumbe mdomo wako hauambii lolote kuhusu huzuni yako. Hauambii kwamba dawa imekukataa, wala kwamba umelogwa. Ni vipokezi vingine kabisa, na usumbufu huo mara nyingi hupungua mwili ukizoea.

Ila hapa kwetu nawaongezea onyo ambalo anayeishi kwenye baridi ya Limuru halihitaji sana. Jasho linaendeshwa na vipokezi hivyohivyo vya asetilikolini. Dawa ikivibana, unatoka jasho kidogo, na Lodwar mchana wa nyuzi 35 na zaidi, jasho ndilo linalokulinda. Kwa hiyo unapotumia amitriptilini usikae ndani ya nyumba ya mabati saa saba mchana. Kuni na maji ufuate alfajiri au jioni. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa, usingoje kiu. Ukiamka, keti kwanza kitandani, hesabu pumzi zako, ndipo usimame. Na ukiwa umechuchumaa mtoni kujaza mtungi, usiinuke nao kwa pupa. Mdomo ukikauka tafuna mswaki wako, ule wa mti, unaita mate na unalinda meno. Mtu akiwa na joto kali mwilini, amekauka ngozi na anaanza kuropoka, huyo anakimbizwa hospitali, haombewi nyumbani kwanza.

Sasa shangazi. Najua kuna mtu atanijibu kwamba amitriptilini kwa kipimo kidogo hutumika pia kwa maumivu ya neva. Ni kweli, hutumika. Lakini je, unaujua moyo wa shangazi yako? Unajua kama ana shinikizo la macho? Na mjomba akisikia imemsaidia shangazi naye akaomba, unajua kwamba mzee anayekojoa kwa shida anaweza kuzibwa kabisa? Dawa hii ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Iwekeni mbali na watoto. Na kama wewe mwenyewe mawazo yako yana giza siku hizi, mpe mtu unayemwamini akushikie, akupe kimoja kimoja jioni. Hiyo haikufanyi mtoto mdogo.

Wengine mmepewa fluoksetini, kapsuli ya asubuhi. Hiyo inalenga zaidi unyonyaji wa serotonini na kuviacha vingi vya vile vipokezi vingine, kwa hiyo mdomo na kizunguzungu havisumbui sana. Ina yake. Wiki za mwanzo tumbo linachafuka, kwa sababu ya ile serotonini ya tumboni niliyowaambia. Usingizi unaweza kukimbia, mwili ukawa na wahaka. Na mambo ya chumbani yanaweza kupoa, nalisema wazi kwa kuwa mnaona haya kulisema, kisha mume anadhani mkewe ana mwingine nje. Mwambie aliyekuandikia dawa. Kuna kupunguza, kuna kubadilisha. Mficha uchi hazai.

Kuna ndoa moja ya dawa ambayo siitaki kabisa: dawa yoyote ya sonona pamoja na tramado, vile vidonge vya maumivu mnavyouziwa kiholela. Tramado nayo inagusa serotonini. Zikikutana, serotonini inaweza kufurika kupita kiasi, ukatetemeka, ukavuja jasho, ukapandwa na homa na fadhaa. Hiyo ni dharura. Ukienda kemisti kununua chochote, taja kwanza unachomeza.

Na chang'aa? Najua, najua. Pombe inaongeza kazi ya vipokezi vya kemikali ya utulivu iitwayo GABA, ndiyo maana gilasi ya kwanza inakupunguzia mzigo. Alfajiri vipokezi vinadai deni lao, moyo unakwenda mbio, huzuni imerudi na ndugu zake. Ukichanganya na amitriptilini, usingizi unaweza kuwa mzito kuliko ulivyopanga. Miraa na muguka nazo zinaisukuma dopamini juu kwa saa chache kisha zinakuangusha, usingizi hupati, kesho unakuwa na kazi maradufu. Sikuhukumu. Nimeona watu wazuri wakijitibu hivyo kwa sababu chang'aa iko karibu kuliko daktari.

Sasa njoo karibu zaidi, hili silisemi kwa sauti ya juu. Wiki za kwanza za dawa, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, kuna wakati mwili unapata nguvu kabla moyo haujapata tumaini. Mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi. Yakija, usiyafiche chini ya godoro pamoja na bahasha. Mwambie mtu usiku huohuo, hata kama ni kumwamsha. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba ya bure, 1199, unazungumza na mtu. Wengine mliogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai; Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Aliyenusurika anahitaji daktari, na hata kabla ya hukumu hiyo pingu hazikumfaa mtu. Dalili nyingine ya kukurudisha hospitali mbio ni kinyume chake: ukiwa ghafla huhitaji usingizi, unasema bila kituo, unagawa mali, unajiona unaweza kuvuka ziwa kwa miguu. Kuna aina ya ugonjwa ambayo dawa hizi peke yake huiwasha hivyo.

Kijana mmoja wa Kakuma kaniandikia kwa hasira. Ameona video inayosema wanasayansi wamegundua kwamba serotonini haihusiki, kwa hiyo dawa zote ni utapeli. Kaka yangu, umesikia nusu. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa chuo kikuu cha University College London na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Mimi sioni haya kulikubali. Ile hadithi ya kwamba ubongo wako umepungukiwa na kitu, ujaziwe kama tangi, ilikuwa nyepesi mno tangu mwanzo. Lakini chanzo cha ugonjwa ni swali moja, na kama dawa inasaidia ni swali jingine. Maumivu ya kichwa hayaletwi na upungufu wa panadoli. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye watu wazima zaidi ya 116,000 na dawa 21. Zote zilishinda vidonge vya bandia, na amitriptilini, hiyo ya zamani isiyo na adabu, ilikuwa miongoni mwa zilizoshinda zaidi. Ushindi wenyewe kwa wastani haukuwa wa kupiga vigelegele. Kuna anayeinuka kabisa, kuna anayeinuka nusu, kuna asiyeinuka na inabidi abadilishiwe. Nakwambia hivyo ili usije ukasema Dada alikuahidi miujiza.

Watafiti nao hawajalala. Mwaka 2021 Eero Castrén wa Helsinki na wenzake walionyesha kwamba dawa hizi hunasa pia kwenye kipokezi kiitwacho TrkB, kinachosaidia neva kuchipua na kujifunza upya. Na ketamini, ileile inayotumiwa kulaza mgonjwa kwa upasuaji, inaziba vipokezi vya kemikali nyingine, glutameti, na imeonekana kupunguza sonona ndani ya saa chache kwa baadhi ya watu. Jamaa yake, esketamini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019, ikitolewa mbele ya mhudumu. Msiende kuitafuta mitaani. Nimeitaja mjue kwamba habari ya vipokezi ni pana kuliko serotonini.

Kile cha TrkB ndicho kinachonigusa zaidi, nikwambie kwa nini. Kama kazi ya dawa ni kuulainisha ubongo uweze kujifunza upya, basi kunabaki swali la utakachojifunza. Binti wa Kanamkemer hakuniandikia juu ya serotonini. Aliniandikia kwamba baba yake alipoteza mifugo yote katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo mvua ikigoma, wakahamia mjini, na tangu hapo hajamwona baba akikaa kwenye kigoda chake jioni. Aliyeniandikia kutoka Kakuma amezaliwa katika kambi ya wakimbizi. Kambi ilifunguliwa 1992, na mwaka 2025 mgao wa chakula ulipokatwa alikuwa na wadogo zake watatu wa kuwalisha. Kuna walioondokewa na ndugu kwa risasi za wezi wa mifugo. Hakuna kidonge kitakachorudisha mbuzi. Na yeyote akikwambia kwamba taabu yako yote ni kemikali tu, mwambie aje akae Turkana mwezi mmoja wa kiangazi.

Lakini taabu nayo inapitia vipokezi vilevile. Hofu ya muda mrefu inamwaga kotisoli, na kotisoli ina vipokezi vyake kwenye ubongo, inaubadilisha. Maneno ya mtu anayekusikiliza nayo yanaingia kwa mlango huohuo. Jirani zetu wa Uganda waliliona hili vizuri. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililopigwa vibaya na Ukimwi, baadhi ya watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa hukohuko waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni waliobaki na sonona vikundini walikuwa chini ya 7 kwa 100, na kwa wasiokuwa na vikundi walizidi nusu. Vidonge havikutumika humo.

Ninyi akina mama mnaosuka vikapu vya mkoma pamoja tayari mna kikundi. Mnachokosa ni kuambiana ukweli. Kila mmoja anasema "niko sawa", mkono unasuka, machozi yanarudishwa ndani. Siku moja mmoja wenu aseme hayuko sawa, muone wangapi watashusha pumzi.

Na kabla ya yote haya, hakikisheni mlipimwa. Brusela, ile homa ya maziwa mabichi, inaweza kumchosha mtu miezi na kumtia huzuni isiyoeleweka, na sisi maziwa mabichi ndiyo maisha yetu. Upungufu wa damu unafanya hivyo. Tezi ya shingo pia. Efavirenzi, moja ya dawa za zamani za virusi vya Ukimwi, iliwasumbua baadhi kwa ndoto mbaya na huzuni. Mjamzito na anayenyonyesha mseme hivyo mapema, kuna namna ya kuwasaidia. Mtoto wako wa miaka kumi na tatu asipewe kidonge chako hata kimoja. Amitriptilini haifai kwa sonona ya watoto wa umri huo.

Mnaniuliza mtameza mpaka lini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema uendelee miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, ndipo upunguze polepole ukiongozwa. Nafuu ndiyo inayowadanganya. Mtu akianza kucheka na kula samaki wake wa Kalokol, anaona kazi imekwisha, anaacha leo kwa leo. Vipokezi vilivyokwisha kujipanga kwa dawa vinaachwa ghafla mikono mitupu: kizunguzungu, ndoto kali, wasiwasi, na huzuni inaweza kurudi. Ukiacha hivyo usijifiche kwa aibu. Rudi, utapokewa, si wewe wa kwanza.

Kwa hiyo binti wa Kanamkemer, Jumatatu alfajiri, kabla jua halijachachamaa, chukua bahasha hiyohiyo na vilivyobaki, urudi kituo chako, au uende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Lodwar. Mliopo Kakuma, hospitali ya Ammusait. Mwambie mhudumu ulimeza siku ngapi, ukaacha lini, mdomo ulikuwaje, kizunguzungu kilikushika saa ngapi, na unakunywa nini kingine. Mchukue mama. Akisikia kwa masikio yake, mbuzi atapona. Huenda wakakuanzishia kipimo kidogo, huenda wakakubadilishia; usianze tena kwa mkono wako.

Wakikuambia dawa zimekwisha kituoni, usirudi nyumbani kimya. Uliza zitafika lini, uliza kituo gani kingine kinazo, na mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu aliandike. Amitriptilini na fluoksetini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi hii, hazipaswi kuwa bahati nasibu. Na mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura, mwulizeni hilo mbele za watu, kisha mniandikie alijibu nini.